Fedha Zinazofuata Kitanda: Kanuni za Kugharimia Elimu Maalumu Zinahitaji Kuandikwa Upya

Mwaka juzi, katika kliniki ya watoto wenye maradhi ya mfumo wa fahamu, alikuja mama mmoja kutoka Chamazi, pembezoni mwa Wilaya ya Temeke, akiwa amembeba mgongoni mwanawe wa miaka 9. Mtoto huyo ana mtindio wa ubongo. Miguu yake imekakamaa, mikono hushika kalamu kwa shida na maneno humtoka kwa kuchelewa, lakini hufuata mazungumzo yote na hucheka pale penye kuchekesha. Nilikuwa nimemwona miaka miwili kabla ya hapo, nikamjazia fomu aliyokuja nayo ya kuombea nafasi ya shule. Nakala yake ilikuwamo ndani ya jalada. Niliandika: "Mtindio wa ubongo. Aandikishwe shule maalumu." Maneno sita na sahihi yangu.

Aliandikishwa. Alisoma muhula mmoja na wiki kadhaa, kisha akabaki nyumbani hadi siku ile. Nilipouliza sababu, nikitarajia kusikia habari za kifafa au za kukataliwa, mama alijibu kwa upole: "Nafasi alipata, daktari. Nauli ndiyo iliyotushinda. Na pale shuleni hakukuwa na mtu wa kumpeleka chooni, basi nikawa nakaa naye hadi saa nane mchana. Biashara yangu ya vitumbua ikafa."

Katika miaka hiyo miwili nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeanza kuteguka kwa sababu alikuwa akilazwa au kukalishwa chini kutwa nzima bila kiti chenye mhimili. Uzito wake ulikuwa uleule wa miaka miwili iliyopita, jambo ambalo kwa mtoto anayekua ni sawa na kupungua. Daktari anayeona nyonga hiyo anaona kazi ya upasuaji. Mimi, siku ile, niliona pia bajeti ya elimu, na makala haya yametokana na hilo. Yanaeleza jinsi Serikali inavyogharimia elimu ya watoto wenye mahitaji makubwa, mahali ambapo kanuni zinawapita watoto hao, na kile ambacho sisi wa upande wa tiba tunapaswa kukileta mezani wakati kanuni hizo zinapopitiwa. Wakati wenyewe umefika: Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unafikia ukomo, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Mtoto aliyekuwa akipotea baada ya darasa la pili sasa anapotea katika jambo ambalo Serikali yenyewe imelitangaza kuwa la lazima.

Fedha inavyofika shuleni

Mtoto anaposoma shule ya msingi ya Serikali, fedha za kuendeshea masomo yake huhesabiwa kwa kichwa. Kiwango kinachojulikana zaidi, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kilitokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, wakati kiasi hicho kilikaribia dola 10 za Marekani. Leo ni chini ya dola 5. Elimu bila ada ilipotangazwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 na kuanza kutekelezwa Januari 2016, kiwango hicho kiliendelea: shilingi 4,000 zikabakizwa kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 zikapelekwa shuleni, yaani shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Utaratibu ule ulikuwa na jambo moja ambalo nalisifu bila kusita: fedha zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule kila mwezi badala ya kukawia njiani.

Kwa wanafunzi wa bweni mpango uliweka fedha ya chakula, shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Vifaa maalumu, kama vile mashine za nukta nundu, shimesikio na vitimwendo, hununuliwa serikalini na kusambazwa kwa awamu. Mishahara ya walimu wa elimu maalumu, wengi wao waliofunzwa katika Chuo cha Ualimu Patandi huko Arusha, hulipwa na Hazina kama ya walimu wengine.

Tuweke hesabu hizo kando kwa kando. Hata tukihesabu siku za masomo 194 pekee, mtoto wa bweni anafikiwa na shilingi 291,000 za chakula kwa mwaka. Mtoto wa kutwa mwenye ulemavu uleule, anayelala kwao Mbagala au Bunju, anafikiwa na shilingi 6,000. Sisemi kwamba fedha ya bweni ni nyingi. Mwalimu yeyote aliyewahi kulisha watoto kwa shilingi 1,500 kwa siku atanicheka. Ninachosema ni kwamba nyongeza kubwa iliyomo katika kanuni imefungwa kwenye kitanda. Mtoto akihama kitandani, nyongeza inabaki.

Jambo hili lina historia yake. Elimu maalumu nchini ilianza mikononi mwa makanisa, na ilianza kwa mabweni: shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, kisha shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Mtoto alitolewa kijijini, akapelekwa mbali, akalishwa na kufundishwa huko. Kwa nchi yenye watu waliotawanyika na walimu wachache waliojua nukta nundu au lugha ya alama, haikuwa njia mbaya. Kanuni za fedha zilikua zikiufuata mpangilio huo. Lakini Dar es Salaam ya leo, iliyohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika Sensa ya mwaka 2022, si Buigiri ya 1950. Mtoto wa Chamazi hana sababu ya kutolewa kwao ili asome. Shule zipo mjini: Mtoni Maalumu huko Temeke, Sinza Maalumu iliyokuwa chini ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya inayojitegemea, Buguruni Viziwi na Uhuru Mchanganyiko huko Ilala, na shule ya Jeshi la Wokovu ya Matumaini, Kurasini. Vipo pia vitengo ndani ya shule za kawaida. Kikwazo ni namna ya kuifikia shule kila siku na namna ya kukaa ndani yake hadi kengele ya mwisho.

Sheria imekwenda mbele kuliko fedha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, inatamka katika kifungu cha 27 kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki sawa ya kuandikishwa shule, kwamba atasoma shule ya kawaida isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na kwamba atapatiwa huduma saidizi zinazolingana na ulemavu wake. Sheria hiyohiyo ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Watu Wenye Ulemavu. Katika miaka yangu ya kliniki sijakutana na mzazi aliyeniambia kuwa nauli ya mtoto wake ya kwenda shule ilitoka kwenye mfuko wowote wa umma.

Jina la ugonjwa halitoshi

Hapa ndipo fani yetu inapohusika, na ndipo maneno yangu sita yalipokosea.

Mtindio wa ubongo ni jina la kundi la matatizo ya mkao na kujongea yanayotokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au mapema utotoni. Katika wodi zetu sababu tunazozifahamu vizuri ni mtoto kukosa hewa wakati wa uchungu mrefu, manjano kali isiyotibiwa mapema, kuzaliwa njiti, uti wa mgongo na malaria kali iliyopanda kichwani. Madhara hayaongezeki ndani ya ubongo wenyewe, lakini mwili unaokua juu ya ubongo huo hubadilika kila mwaka: misuli hufupika, viungo hujikunja, uti wa mgongo hupinda. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Tukichukua kiwango hicho, katika kila watoto 100,000 wa mitaa yetu tungetarajia 300. Watafiti walipowafuatilia watoto wale kwa miaka kadhaa waligundua kwamba vifo vyao vilikuwa takribani mara 25 ya vile vya watoto wenzao. Wengi hawafi kwa mtindio wa ubongo wenyewe. Hufa kwa utapiamlo, nimonia, malaria na kifafa kisichodhibitiwa, yaani kwa mambo ambayo mtu mzima mwenye ujuzi kidogo, akiwa karibu na mtoto kila siku, anaweza kuyaona mapema. Shule yenye mlezi na mlo wa mchana ni mahali pa aina hiyo.

Sasa wachukue watoto wawili waliopewa jina hilohilo la ugonjwa. Wa kwanza anachechemea mguu mmoja, anapanda ngazi akishika ukuta, anaandika kwa mkono wa kushoto. Anachohitaji ni kiatu cha kurekebisha mguu, dawati la mbele na mwalimu asiyemharakisha. Gharama yake kwa shule inakaribia sifuri. Wa pili hawezi kukaa bila kuegemezwa, hulishwa chakula laini kwa kijiko kwa dakika 40, huvaa nepi, hupata mishtuko ya kifafa, na huwasiliana kwa kutazama picha. Tangu mwaka 1997 kuna mizani inayotumiwa duniani kote, iliyotungwa na Robert Palisano na wenzake, inayopanga uwezo wa kujongea wa watoto hawa katika ngazi tano. Mtoto wa kwanza yuko ngazi ya kwanza, wa pili yuko ngazi ya tano. Fomu yangu ingewaandika sawa.

Usonji uko vivyo hivyo. Yupo mtoto mwenye usonji anayesoma vitabu akiwa na miaka 5 na kuhitaji tu kona tulivu ya darasa. Yupo mwingine asiyesema neno, anayekimbilia barabarani geti likiachwa wazi, ambaye asipokuwa na mtu wake mmoja hawezi kuwa salama hata saa moja. Shirika la Afya Duniani lilipopitisha mwaka 2001 uainishaji wake wa utendaji, ulemavu na afya, lilitaka tuache kuuliza "mtoto huyu ana ugonjwa gani" pekee, tuulize pia anaweza kufanya nini, katika mazingira gani, kwa msaada wa nani. Robo karne imepita na fomu nyingi zinazoletwa kliniki bado zina mstari mmoja: "Aina ya ulemavu."

Naomba nikae kidogo kwenye kifafa, kwa sababu ndipo gharama zisizoonekana zinapojificha. Takribani theluthi moja ya watoto wenye mtindio wa ubongo, na wakati mwingine zaidi, huwa nacho pia. Fenobabitali hutolewa mara moja usiku, hivyo haiisumbui shule, ingawa humfanya mtoto asinzie asubuhi na mwalimu akadhani ni mvivu. Kabamazepini hutolewa asubuhi na jioni. Lakini mshtuko unaozidi dakika tano unahitaji diazepamu papo hapo, na kwa mtoto hutiwa kupitia njia ya haja kubwa. Nani atafanya hivyo saa nne asubuhi katika shule isiyo na muuguzi, ambako mwalimu mmoja ana watoto 20 wenye mahitaji tofauti? Dawa yenyewe ni ya bei ndogo. Kinachogharimu ni mtu aliyefunzwa, aliyeruhusiwa kwa maandishi, na anayelipwa kuwapo. Nimeona shule zikiwarudisha nyumbani watoto wenye kifafa "mpaka wapone", na siwalaumu walimu moja kwa moja. Hakuna karatasi inayowalinda wakigusa sindano au dawa, wala inayowaongezea mtu wa pili darasani.

Hesabu ya nauli

Nauli ya chini ya daladala jijini ni shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilometa 10. Mama anayempeleka mtoto, akarudi nyumbani kufanya kazi, akaenda kumchukua na kurudi naye, analipa nauli yake mwenyewe mara nne: shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 194 ni shilingi 465,600. Hapo sijaweka nauli ya mtoto, wala nafasi ya ziada ambayo kondakta huidai kwa ajili ya kitimwendo, wala bajaji ya kutoka ndani mtaani hadi kituoni mvua za masika zinapoifanya njia kuwa tope. Akilazimika kubadilisha magari mawili, kama ilivyo kwa wengi wa Chamazi, Toangoma au Mabwepande, ni shilingi 931,200. Linganisha na shilingi 10,000 za ruzuku. Familia inachangia mara 93 ya kile ambacho mfumo unakiita gharama ya kumsomesha mtoto, kisha sote tunasema elimu ni bila malipo.

Mama asiyeweza kulipa nauli mara nne hufanya kile alichofanya mama wa Chamazi: anakaa shuleni kutwa nzima. Anaokoa shilingi 1,200 na kupoteza kipato cha siku. Huyo amekuwa msaidizi wa darasa asiye na mshahara, na shule inamtegemea, kwa sababu mara nyingi huwasaidia na watoto wa wenzake. Siku akiugua yeye, watoto watatu hawaji.

Wengine walivyofanya

Nchi zenye fedha nyingi nazo zimehangaika na swali hili. Inafaa kuyajua majibu yao pamoja na makosa yao.

Marekani ilitunga mwaka 1975 sheria iliyomhakikishia kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma inayomfaa, na Serikali Kuu ikaahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi ili kufidia mzigo wa ziada. Ahadi hiyo haijawahi kutimizwa hata mwaka mmoja. Wilaya ndogo za shule ziliumia zaidi, kwani mtoto mmoja mwenye mahitaji makubwa sana angeweza kumeza bajeti ya shule nzima. Sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2004, majimbo yaliruhusiwa kutenga mfuko wa watoto ambao gharama yao inazidi mara tatu ya wastani. Jimbo la Massachusetts lina utaratibu wake uliopewa jina la ile swichi ya umeme inayojikata mzigo unapozidi: gharama ya mtoto ikipita mara nne ya kiwango cha msingi cha jimbo, jimbo hulipa asilimia 75 ya kile kilichozidi. Wilaya haifilisiki kwa kumpokea mtoto mmoja, lakini pia haitupi mzigo wote kwa wengine, kwa kuwa inabaki na sehemu yake.

Uingereza, katika eneo la England, shule hutarajiwa kubeba pauni 6,000 za mwanzo za gharama ya ziada ya mtoto, na halmashauri hubeba kinachozidi. Tangu sheria ya mwaka 2014 mtoto mwenye mahitaji makubwa huandikiwa mpango mmoja wa elimu, afya na matunzo unaoweza kudumu hadi afikishe miaka 25. Mpango huo ni haki ya kisheria. Tatizo ni kwamba bajeti haikukua sambamba na haki, na halmashauri nyingi zimejikuta na madeni makubwa. Sisi tusinakili haki isiyo na chanzo cha fedha. Tayari tunayo moja, ya mwaka 2010.

Jirani zetu wa Kenya wametoa funzo la karibu zaidi. Vituo vyao vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shule vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Katika elimu ya msingi, juu ya ruzuku ya shilingi za Kenya 1,420 iliyopangwa kwa kila mtoto, mwenye mahitaji maalumu aliwekewa nyongeza ya shilingi 2,300. Nyongeza hiyo ni ndogo, na ni ileile kwa anayechechemea na kwa asiyeweza kukaa. Lakini imevunja ile dhana kwamba vichwa vyote vinagharimu sawa, na inahesabiwa kwa mtoto mwenyewe.

Kanuni mpya ziseme nini

Mimi ni daktari, sikufundishwa uandishi wa kanuni za fedha. Nitasema yale tu ambayo kliniki imenionyesha.

La kwanza ni kwamba nyongeza ifuate mtoto, popote anaposoma, na ipangwe kwa ngazi za msaada anaouhitaji. Ngazi tatu zingetosha kuanzia: mtoto anayehitaji marekebisho ya darasa pekee, mtoto anayehitaji msaada kwa sehemu ya siku, na mtoto anayehitaji mtu karibu naye muda wote. Ngazi zikizidi hapo, tutatumia fedha nyingi kubishania ngazi.

Ngazi hiyo asiipange daktari peke yake. Nasema hivi nikijua wenzangu wengine watanuna. Daktari anamwona mtoto kwa dakika 15 katika chumba ambamo mtoto analia. Mwalimu wa elimu maalumu na ofisa ustawi wa jamii wanamwona akila, akicheza na akigombana. Wakae watatu pamoja na mzazi, waandike kile ambacho mtoto anaweza na kile asichoweza, na tathmini irudiwe kila mwaka, kwa sababu mtoto wa miaka 6 anayebebeka mgongoni atakuwa kijana wa kilo 40. Kuna sababu nyingine ya kuliondoa jina la ugonjwa kwenye bei: popote fedha zinapotolewa kwa jina, majina huongezeka. Nisingependa kuona watoto wa mtaa mzima wakiandikwa usonji kwa sababu usonji unalipa.

Usafiri utajwe kwa jina lake kuwa matumizi halali ya fedha hiyo. Mwalimu mkuu wa leo, hata akiwa na fedha na huruma, anaogopa hoja ya ukaguzi akimlipa dereva wa bajaji wa kuwakusanya watoto wanne wa mtaa mmoja. Kifungu kifupi kingemwondolea hofu hiyo. Vivyo hivyo kwa mlezi wa darasa: awe na cheo kinachotambulika katika muundo wa halmashauri, mafunzo ya wiki chache ya kulisha, kugeuza mkao, usafi na huduma ya kwanza ya kifafa, na mshahara. Wapo kina mama wengi wanaoijua kazi hiyo tayari. Wamekuwa wakiifanya bure.

Kuhusu nani alipe, mfano wa karibu upo. Mwaka 2018 Bunge liliingiza katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa sharti kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na asilimia 2 kati ya hizo ni za kundi hili la mwisho. Kwa hiyo mapato ya halmashauri yanaweza kufungwa kisheria kwa kusudi maalumu, jambo ambalo wengine walidhani haliwezekani. Lakini ile ni mikopo, na mtoto wa miaka 9 hakopi. Halmashauri zenye mapato makubwa, kama za Kinondoni na Temeke, zingeweza kubeba ngazi ya pili kwa mapato yao. Ngazi ya tatu inapaswa kuwa na mfuko wa taifa unaochukua sehemu kubwa ya gharama inayozidi kiwango fulani, vinginevyo mtoto wa halmashauri maskini atalipwa kwa umaskini wa wilaya yake, na wazazi wataendelea kuhamia Dar es Salaam na watoto mgongoni, kama wanavyofanya sasa.

Linabaki suala la mpaka kati ya wizara mbili. Fiziotherapia ni afya au elimu? Kiti chenye mhimili anachokalia mtoto darasani kinalipwa na nani? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kulijibu swali hilo kwa maandishi, kitita kwa kitita. Lisipojibiwa, kila upande utaamini kwamba mwenzake ndiye mwenye jukumu.

Najua swali linaloulizwa, mara nyingi na watu wema: katika darasa la Mbagala lenye watoto 100, ni haki kumpa mtoto mmoja mara 50 ya anachopewa mwenzake? Sina jibu la kumfurahisha kila mtu. Najua tu kwamba gharama ya mtoto huyu haiondoki asipokwenda shule. Inahamia kwenye kipato cha mama yake, kwenye meza ya upasuaji wa nyonga, kwenye wodi ya utapiamlo, na huko nako mara nyingi anayelipa ni umma. Isitoshe, watoto wa ngazi ya tatu ni wachache katika kila kata. Uchache wao umefanya wasahaulike, na uchache huohuo unafanya mzigo wao ubebeke.

Mama wa Chamazi nilimwandikia fomu ya pili. Safari hii niliandika kurasa mbili: mtoto anaelewa anachoambiwa, anakaa vizuri kwa saa mbili akiwa na kiti chenye mkanda na meza ya mbele, anahitaji mtu mzima wa kumpeleka chooni mara mbili kabla ya saa sita, anajibu kwa kunyoosha kidole kwenye picha, hawezi kupanda daladala bila kubebwa, asomeshwe darasa la kwanza katika shule iliyo karibu na kwao, akiwa na mlezi. Mwalimu mkuu aliyeipokea aliisoma yote, akashukuru, akampokea mtoto, na akamweleza mama ukweli kwamba hana fungu la mlezi.

Basi kaka yake, aliye darasa la sita katika shule hiyohiyo, ndiye anayemsukuma asubuhi na kukaa naye. Lakini shule ina zamu mbili. Wiki ambayo darasa la kaka linaingia mchana, mdogo wake anasoma. Wiki ambayo kaka anaingia asubuhi, mdogo anabaki nyumbani. Walipokuja kliniki mwezi uliopita nilimuuliza mtoto amefika wapi katika kusoma. Alinyoosha kidole kwenye daftari, ukurasa wa herufi m, kisha akafunua kurasa tupu zilizofuata na kumtazama mama yake.